Kutembezwa Kyoto nusu siku na mwongozaji wako mwenyewe: ipi ununue, ipi uiache

Watu wetu wengi wanaofika Japani hawajaenda kutalii, ni kozi za JICA, lile shirika la misaada la Japani, ni skolashipu, ni wafanyabiashara wanaofuata magari, halafu katikati ya ratiba inatokea siku moja iko wazi na kila mtu anakwambia nenda Kyoto. Na kweli ni karibu, ukiwa Osaka treni ya JR ya haraka inakufikisha kwa nusu saa tu tena kwa nauli ya yen mia tano na kitu, na ukiwa Tokyo ile treni ya kasi, Shinkansen ya Nozomi, ni masaa mawili na robo hivi. Kasheshe linaanza ukifungua simu kutafuta mtu wa kukutembeza, maana zinakuja tua mia na zote zina picha ileile ya mageti mekundu, moja ni bure, nyingine ni zaidi ya dola 200, na zote zinasema "binafsi, nusu siku".

Kabla ya kupanga nani wa kwanza nani wa mwisho, elewa bei inavyokwenda. Mwongozaji binafsi unamlipa kwa kundi, sio kwa kichwa. Nusu siku kwa wao ni masaa manne, mara chache matano, na bei mara nyingi inacheza kati ya yen 15,000 na 35,000. Ukipiga dola moja kwa yen 150 hivi, yen 24,000 ni dola 160. Ukiwa peke yako inauma, ila mkiwa wanne ni dola 40 kila mtu, ambayo haipishani sana na tua za makundi za watu ishirini mnaoburuzana nyuma ya kibendera. Kwa hiyo swali la kwanza ni mko wangapi. Kama uko mwenyewe na hela ni ya mawazo ruka moja kwa moja mpaka namba mbili hapo chini.

Jambo lingine, masaa manne Kyoto ni sehemu tatu, basi. Mji ule ulikuwa makao ya mfalme tangu 794 mpaka karne ya 19 na una mahekalu kila kona, ndio maana UNESCO mwaka 1994 waliandikisha sehemu 17 za Kyoto na miji jirani kwa mpigo, sasa mtu akikuahidi saba kwa asubuhi moja ujue utaziona kupitia dirishani.

Namba moja: mwongozaji mwenye leseni ya taifa, unayeongea naye mwenyewe

Hapa ndipo mimi ningeweka hela yangu. Japani wana sheria ya waongozaji tangu 1949, kuna mtihani wa serikali wa lugha, historia, jiografia na mambo ya nchi, na sio mtihani wa mchezo. Zamani bila hiyo leseni ulikuwa huruhusiwi kabisa kumtembeza mgeni kwa malipo. Mwaka 2018 sheria ikalegezwa, sasa yeyote anaweza kufanya, asichoweza ni kujiita mwongozaji mwenye leseni. Ndio maana soko limejaa watu wa kila aina, wapo wazuri bila leseni sikatai, ila mwenye leseni ana kitambulisho na unaweza kumwomba akuonyeshe, na ukishafika sehemu kama Fushimi Inari, lile hekalu la mageti mekundu, tofauti unaiona.

Yale mageti mekundu, torii, yako maelfu na kila moja lina maandishi upande wa nyuma. Ukienda mwenyewe unapiga selfi unapita. Mwenye kujua atakusimamisha akusomee, hili limetolewa na kampuni fulani, hili na duka fulani, mwaka fulani, kwa sababu Inari ni mungu wa mpunga na baadaye akawa wa biashara, na wenye biashara ndio wanaolipia mageti. Kwa mtu aliyekuja Japani kununua Noah nadhani hiyo stori inamhusu kabisa. Halafu hekalu la Kiyomizu-dera, ile baraza kubwa ya mbao inayoning'inia mlimani, imejengwa upya 1633 na nguzo zake zimeshikana bila misumari, chini yake kuna maji ya Otowa yanayoshuka kwa mifereji mitatu, na wenyeji wanasema ukinywa yote mitatu ni ulafi, chagua. Kushuka ngazi za Sannenzaka utaambiwa ukidondoka hapo una mkosi wa miaka mitatu, na utaona watu wazima wanashuka kwa adabu kweli. Vitu kama hivi ndio unavilipia, njia yenyewe hata ramani ya simu inakuonyesha.

Lugha: leseni ya taifa ipo kwa lugha kumi, Kiingereza, Kifaransa, Kihispania, Kijerumani, Kichina, Kiitaliano, Kireno, Kirusi, Kikorea na Kithai. Kiswahili hakimo. Wengi ni wa Kiingereza, ila ndugu zetu wa Kongo na Burundi mnaotumia Kifaransa msikubali kubanwa na Kiingereza, ulizeni mapema wapo, ingawa ni wachache kwa hiyo msisubiri wiki ya mwisho.

Ubaya wake ni mmoja, ukifuta siku zimekaribia wengi wanakata hela, na wengine wanaanza kukata siku kadhaa kabla, kwa hiyo soma masharti kabla ya kutuma malipo.

Namba mbili: wa kujitolea

Hawa wanaitwa Goodwill Guide, ni wastaafu, akina mama, wanafunzi wa chuo, wanajitolea kabisa na hawachukui malipo. Wewe unachobeba ni nauli yake, kiingilio chake mnakoingia, na chakula kama mtakula. Kwa nusu siku ya mtu mmoja hapo hata yen 3,000 unaweza usizifikishe, kwa sababu Fushimi Inari ni bure masaa 24, Kiyomizu ni yen 500 kila mtu, na mabasi ya mji ni yen 230.

Mbona basi sio namba moja? Kwa sababu humchagui. Unaomba kwa barua pepe wiki mbili au zaidi kabla, wakipata mtu sawa, wasipopata ndio hivyo. Kiingereza chao kinapanda na kushuka, na wengi wanapenda ratiba iliyopangwa isiyobadilika. Ila kwa mtu mmoja au wawili wasio na haraka hii ni dili, tena mara nyingi mzee wa kujitolea anakupa maisha ya mtaani kwake kuliko tarehe za wafalme.

Halafu kuna hili. Chuo Kikuu cha Osaka wanafundisha Kiswahili kama fani kamili ya digrii, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto wako Mahale kule Kigoma wakifuatilia sokwe tangu 1965. Yani eneo lile kuna Wajapani wanaongea Kiswahili safi, na wengine kina ladha ya Ziwa Tanganyika. Hii hainunuliki popote, lakini kama una mwenzako anasoma huko, muulize kabla hujalipa mtu yeyote, unaweza kutembezwa Kyoto kwa Kiswahili.

Namba tatu: teksi ya kukodi yenye dereva mwongozaji

Kama umekuja na wazazi, watoto wadogo, au mtu ana magoti mabovu, pandisha hii iwe namba moja kwako bila kuuliza. Kyoto ina teksi za utalii zinazokodiwa kwa saa, kampuni ya MK ndio wanajulikana zaidi na wana madereva wanaoongea Kiingereza. Bei ni ya gari zima, gari ndogo wanakaa watu wanne kwa kubanana, na zipo kubwa za mpaka watu tisa. Inatoka ghali kuliko mwongozaji wa miguu, na maegesho na viingilio mara nyingi ni juu yako.

Uzuri wake unauona mkitaka Kinkaku-ji, lile banda la dhahabu. Liko kaskazini magharibi, hakuna treni ya chini inayofika pale, mnategemea basi, na basi msimu wa watalii linajaa mpaka mnashikana mabega. Kwa teksi unaunga Kinkaku-ji, bustani ya mawe ya Ryoan-ji na mianzi ya Arashiyama kwa masaa manne na mtu hajatoka jasho. (Kwa taarifa, banda lenyewe sio lile la kale, lilichomwa moto na mtawa kijana mwaka 1950, hili mnaloliona ni la 1955. Bado linang'aa.)

Uliza kama dereva ataingia ndani na nyinyi au atabaki kwenye gari, maana wengine maelezo yao yanaishia getini. Na angalia namba ya gari. Gari la biashara Japani lina plate ya kijani, plate nyeupe ni gari la mtu binafsi, na kubeba abiria kwa hela bila kibali ni kosa. Akitokea mtu kwenye WhatsApp, hata kama ni mwenzetu kabisa, anasema nitawazungusha na gari langu kwa bei ya kishkaji, mfikirie mara mbili, bima inaweza isiwajue mkipata ajali.

Namba nne: "tua binafsi" za kwenye majukwaa makubwa, bila jina la mwongozaji

Sio mbaya, ni bahati nasibu. Unalipa kwa kadi, mara nyingi unaweza kufuta saa 24 kabla na hela ikarudi, hilo ni zuri kwa mtu ambaye ratiba yake ya kozi inabadilika kila siku. Lakini unanunua nembo, hujui nani atakuja asubuhi. Na jukwaa linakata chake, kwa hiyo hela ileile ukimpa mtu moja kwa moja unapata mtu mzoefu zaidi. Ukiamua kununua huku, tafuta tangazo ambalo wateja wanamtaja mtu yuleyule kwa jina kwenye maoni yao, halafu tuma meseji uombe huyohuyo. Na soma maoni ya nyota tatu, ya tano yanafanana na ya moja ni hasira.

Tangazo likikuahidi kukutafutia maiko, yaani binti anayejifunza ugeisha, kwenye mtaa wa Gion umpige picha, achana nalo. Tangu 2024 vichochoro vya watu binafsi pale Gion vimefungwa kwa watalii, kuna mabango na faini ya yen 10,000, na wale mabinti wanawahi kazini.

Namba tano: riksho ya kuvutwa na mtu

Wanapatikana Arashiyama na Higashiyama, upande wa Kiyomizu, vijana wana miguu ya chuma na maneno matamu. Ni ya wawili, dakika kumi na kitu mpaka saa moja, na kwa dakika ni ghali kuliko vyote humu. Kwa maharusi sawa, dakika chache za picha kwenye mianzi. Kama tua ya nusu siku hapana.

Zile za basi kubwa zinazoandikwa nusu siku sizipangi kabisa, sio binafsi hata kidogo.

Sasa kama umechukua namba moja au mbili, omba njia hii: anzeni saa moja asubuhi Fushimi Inari, stesheni ya Inari ni vituo viwili tu kutoka Kyoto kwa JR. Msipande mpaka kileleni, mlima ni mita 233 na mzunguko wote unakula masaa mawili mpaka matatu, ishieni njia panda ya Yotsutsuji mnaona mji wote, mteremke. Halafu treni ya Keihan, kampuni nyingine sio JR, kwenda kaskazini kidogo, Kiyomizu, Sannenzaka na Ninenzaka maduka yakiwa yanafunguliwa, mmalizie hekalu la Yasaka. Saa tano umemaliza na ndio kwanza makundi ya mabasi yanashuka. Tua inayoanza saa nne asubuhi kwa njia hii hii ni bei ileile na unaangalia migongo ya watu.

Msimu wa maua, mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili, na msimu wa majani mekundu, Novemba, weka oda miezi kabla. Julai na Agosti kuna joto la unyevu ambalo hata mtu wa Tanga atalalamika, hapo nusu siku ya asubuhi ndio chaguo pekee la akili.

Kabla ya kulipa tuma meseji moja yenye haya: bei ni ya kundi au kichwa, nauli na kiingilio cha mwongozaji nani analipa, tukitaka kubadilisha njia katikati inaruhusiwa, mvua ikinyesha inakuwaje, na chakula. Kwa Waislamu hili la chakula liseme mapema na kwa undani, usiseme tu "sili nguruwe". Supu nyingi za rameni zinachemshwa na mifupa ya nguruwe hata kama nyama juu ni kuku, na mirin, ambayo ni pombe ya kupikia, inaingia kwenye michuzi mingi. Migahawa ya halali Kyoto ipo, na msikiti upo, mwongozaji mzuri akijua siku tatu kabla anapanga njia iishie karibu nayo.

Anayejibu meseji hiyo kwa kila swali ndio wa kumlipa, anayekujibu "hakuna shida" tu mwache. Bakshishi usihangaike nayo, Japani hawana huo utaratibu na unaweza kumpa mtu wakati mgumu, ukitaka kushukuru beba kahawa ya Kilimanjaro, wanaijua na wanaipenda.