Hati ya AAI na maprofesa 118 katika kesi ya AndroGel: uhakiki kwa wanaopambana na ukiritimba

Mtu akiuliza aanze na hati ipi ya rafiki wa mahakama, yaani asiye mhusika wa kesi anayeleta hoja za kuisaidia mahakama, ili ajifunze jinsi makundi ya utetezi yanavyopinga ukiritimba kortini, tunampa hii. Iliwasilishwa mwaka 2013 katika Mahakama ya Juu ya Marekani na American Antitrust Institute (AAI), taasisi ya Washington iliyoanzishwa 1998, ikishirikiana na maprofesa 118 wa sheria, uchumi na biashara. Shauri ni namba 12-416. Itafute kwa namba hiyo, kwani jina hupoteza watu: kesi ilifunguliwa ikiitwa FTC (tume ya serikali ya Marekani inayosimamia ushindani) dhidi ya Watson, kampuni hiyo ya dawa ikabadili jina, na hukumu ikatoka kama FTC dhidi ya Actavis.

Mgogoro wenyewe ni huu. Kampuni ya Solvay ilikuwa na hataza, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine kutengeneza na kuuza uvumbuzi wake, ya AndroGel, jeli ya testosteroni. Sheria ya Marekani ya 1984, iitwayo Hatch-Waxman, inamruhusu mtengenezaji wa dawa jenereki, yaani nakala ya dawa asilia, kuipinga hataza ya aina hiyo. Washindani wa Solvay wakaipinga, na Solvay ikamaliza kesi kwa kuwalipa: Paddock dola milioni 12, Par milioni 60, na Actavis kiasi kilichokadiriwa kuwa milioni 19 hadi 30 kila mwaka kwa miaka 9. Actavis nayo ikakubali kutoleta jeli yake sokoni hadi 31 Agosti 2015, labda mwingine atangulie. Tazama fedha zilivyotembea: aliyedai kuvunjiwa haki ndiye aliyemlipa mshtakiwa wake. Mahakama ya rufani ya kanda ya 11 haikuona tatizo. Ilisema maadamu makubaliano hayavuki mipaka ya hataza, sheria ya ushindani haina la kufanya. FTC ikakata rufaa, na AAI na maprofesa wakaingia kuiunga mkono.

Ubora wa hati hii ni kwamba haikuridhika kuirudia FTC kwa maneno mengine. Inaing'oa hoja ya kanda ya 11 kwenye mzizi. Hataza iliyopingwa bado haijathibitika, na mahakama ikiichukulia kuwa imara kabla ya shauri kusikilizwa imeshamkabidhi ushindi mwenye hataza. Hapo malipo yanaonekana yalivyo: kampuni mbili zinagawana faida ambayo ushindani ungeifuta, na anayegharamia ni mgonjwa na bima yake. FTC yenyewe ilikadiria mwaka 2010 kwamba mikataba ya namna hii inawagharimu walaji wa Marekani dola bilioni 3.5 kwa mwaka.

Ili kuielewa vizuri, lazima uzijue zile siku 180. Mtengenezaji wa kwanza kuipinga hataza hupewa siku 180 za kuuza jenereki yake bila jenereki nyingine kuidhinishwa kushindana naye. Mwenye hataza akimlipa huyo wa kwanza atulie, waliobaki nyuma wanakosa sababu ya kuhangaika. Hata wakishinda, zile siku hawazipati, na gharama za kesi ni zilezile. Ndiyo maana kumlipa mtu mmoja kunaweza kulinda soko zima. Asiyekuwa mtaalamu wa dawa asome sehemu hii taratibu, mara mbili ikibidi, kwa sababu ndiyo inayobeba kila kitu.

Udhaifu wake upo kwenye ombi. Hati iliitaka mahakama iyachukulie malipo haya kuwa haramu tangu mwanzo, na kampuni ndiyo ibebe mzigo wa kujitetea. Tarehe 17 Juni 2013, kwa kura 5 dhidi ya 3, Jaji Breyer akiandika kwa niaba ya wengi, mahakama iliitupa kinga ambayo kanda ya 11 iliipa mikataba hii na ikalikataa pia ombi hilo. Kila mkataba upimwe kwa mazingira yake, na malipo makubwa yasiyo na maelezo yawe dalili ya ubaya. Kwa walaji huo ulikuwa ushindi mkubwa, lakini kesi zilizofuata zikawa ndefu na ghali, zinazohitaji wachumi wa kila upande. Laiti hati ingejenga pia ngazi ya pili, yaani ieleze kwa kina mahakama ipime nini ikilikataa ombi kuu. Anayeandika hati kama hii asiache pengo hilo.

Kuhusu saini 118, hazituvutii sana. Jaji hupima sababu, na orodha ya majina hula kurasa. Kosa kubwa zaidi la hati za namna hii ni kurudia aliyoyasema mhusika mkuu. Jaji Posner wa kanda ya 7 aliliita jambo hilo matumizi mabaya mwaka 1997, akakataa kuipokea hati iliyoletwa kwake. Kosa jingine ni kuingiza takwimu ambazo upande wa pili haukupata nafasi ya kuzihoji.

Kwa anayetaka kuiga umbo, kanuni ya 37 ya Mahakama ya Juu ya Marekani inadai kijitabu cha inchi 6⅛ kwa 9¼, jalada la kijani hafifu ukimuunga mkono mleta rufaa, na kuwasilisha ndani ya siku 7 baada ya hati ya unayemuunga mkono. Mwaka 2013 kikomo kilikuwa maneno 9,000. Tangu 2019 ni 8,000. Tanbihi ya kwanza lazima itaje kama wakili wa mhusika ameandika sehemu yoyote, na nani mwingine amechangia fedha. Anza kusoma hapo, maana panaonyesha kama kundi ni la walaji kweli au ni kivuli cha kampuni.

Kusoma ni bure. Usiitafute kwenye daftari la mtandaoni la mahakama, kwa sababu nyaraka zilianza kuwekwa humo Novemba 2017. Nenda kwenye tovuti ya AAI.

Msomaji wa Kenya asiinakili kama ilivyo. Ibara ya 22(3)(e) ya Katiba inamruhusu mtaalamu kuwa rafiki wa mahakama kwa idhini ya mahakama, na uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Kenya katika shauri la Mumo Matemo, mwaka 2015, unamtaka asiegemee upande, abaki kwenye hoja za kisheria, na alete ambayo wahusika hawajayagusa. Maneno "kumuunga mkono mleta rufaa" yaliyo kwenye jalada la AAI yangekuwa sababu ya kupingwa Nairobi. Kundi linalotaka kusimama waziwazi na walaji liombe kuingia kama mhusika mwenye maslahi, kisha lichukue hoja za hataza na zile siku 180 kutoka humu.