Dalali aliyeniuzia gereji yangu Tanga: nampa nyota tatu

Nimeuza gereji yangu ndogo ya kumwaga oili, kuziba pancha na kuosha magari, ipo njia ya Pangani, na imeuzwa kupitia dalali wa hapahapa mjini, jina lake naliacha maana mengine nitakayosema hatayapenda. Nyota tatu. Zingekuwa nne, moja ameiangusha mwenyewe kwa simu yake.

Alichonifurahisha, alipofika hakuuliza bei, aliomba daftari. Akapitia mauzo mwezi kwa mwezi, pancha peke yake, oili peke yake, kuosha peke yake, halafu akasema vyombo vilivyotumika havina hela, kompresa na jeki mtu atazipata popote, kinachouzwa pale ni kilemba, yaani hiyo sehemu pamoja na wateja waliozoea kuingia. Na kabla hajatafuta mnunuzi akaenda kwanza kwa mwenye kiwanja, kwa sababu mkataba wa pango ukiwa umebaki miezi michache nani atakupa kilemba? Mzee akakubali kuandikishana upya na atakayenunua, kodi ileile. Hapo nilimvulia kofia.

Kwenye makaratasi pia hakudanganya mtu. Kila aliyekuja kuangalia alimwambia TIN ya muuzaji, yaani namba ya mlipakodi, hainunuliwi, ni ya mtu, nenda TRA kwa jina lako, kakate leseni ya biashara Jiji kwa jina lako, na hilo jina la kwenye bango kama unalitaka umiliki ukabadilishwe BRELA, kule wanakosajili majina ya biashara. Kuna madalali wanakwambia "we endelea tu na karatasi zilezile", ukimsikia wa hivyo kimbia, muuzaji mwenye TIN ndo ataletewa kodi ya biashara ambayo hela yake anakula mwenzie.

Sasa kwenye kuharibu. Nilimwambia usiposti popote, tafuta kimyakimya. Wapi! Haikupita muda picha zikazagaa kwenye magrupu ya WhatsApp, bango linasomeka, na fundi wangu anaonekana kabisa kalala chini ya Noah, miguu nje, juu yake maandishi GEREJI INAUZWA BEI MAELEWANO. Fundi kaonyeshwa picha na mteja. Jamani yule kijana ndo nusu ya biashara, wenye Noah na bajaji wanampigia yeye sio mimi, asubuhi akaja kasimama mlangoni ananiuliza "bosi, na mimi nimo kwenye bei?" Akaanza kuulizia sehemu kule Kange, habari zikamfikia mnunuzi, mnunuzi akashusha ofa na sikuweza kumlaumu. Kilichookoa ni kwamba mnunuzi mwenyewe alikaa na fundi wakakubaliana fungu kwenye kila kazi. Dalali hapo hayupo hata kwenye simu.

Halafu ikaja asilimia kumi yake. Oili tulihesabu dumu kwa dumu siku ya makabidhiano, mnunuzi akalipa bei niliyonunulia mimi, sina faida hata mia, dalali naye anataka kumi yake humohumo. Tukabishana mbele ya wakili hadi wakili anacheka, mwisho akala ya kilemba na vyombo tu. Mkimtumia mtu kama huyu andikeni mapema asilimia inakatwa kwenye nini, mdomo hautoshi.

Kuuza fremu ya duka Ngamiani ningempa kazi tena bila kufikiria, kule kelele zinasaidia. Gereji yenye mafundi, hapana, labda simu yake nibaki nayo mimi.

Kingine ambacho hakukiwaza kabisa ni magari ya watu. Kuna Corolla haina injini imelala pale uani toka mwenyewe apotee, mnunuzi anauliza hii nimeinunua au? Wakili ndo akaongeza kwenye mkataba kwamba kila gari lililopo liorodheshwe na namba yake, na kazi ya kabla ya makabidhiano ikirudi na malalamiko ni juu yangu. Madeni ya kwenye daftari nimebaki nayo mimi, wenye daladala mnajijua.