Idi yangu Martinsville: mizunguko 400 na bakuli la sambusa

Idi ya mwaka 2025 huku kwetu iliangukia Jumapili, tarehe 30 Machi, na siku hiyohiyo kulikuwa na mbio za NASCAR, ligi ya mbio za magari ya Marekani, huko Martinsville, Virginia. Nakaa Greensboro, kama saa moja kwa gari kutoka hapo, na miaka yote hii sikuwahi kukanyaga. Asubuhi tuliswali, tukala pilau, tukapeana mkono wa Idi. Kisha nikamwambia shemeji yangu twende tukaone magari.

"Yanaenda wapi?" akaniuliza.

Hayaendi popote, shem. Yanazunguka.

"Kama ngamia wa kinu cha simsim?"

Mara mia nne, nikamwambia. Akavaa viatu huku anacheka.

Uwanja wenyewe ni mdogo kuliko nilivyodhani. Mzunguko mmoja ni maili 0.526, yaani kama mita 850, na katika viwanja vya mbio za pointi za ligi kuu ya NASCAR hakuna mfupi kuliko huu. Ulianza mwaka 1947, kabla NASCAR yenyewe haijaundwa. Umbo lake ni la kibanio cha karatasi: nyoosho mbili za lami na kona mbili kali za zege. Kona zimeinama nyuzi 12 tu. Kule Bristol, uwanja mwingine wa NASCAR wenye kona zilizoinama sana, mwinamo unalibeba gari, hapa hakuna wa kulibeba. Hapa ni breki na moyo wa dereva.

Niseme kosa letu mapema ili lisikupate. Tiketi nilinunua kwa muuzaji mmoja wa mkono wa pili mtandaoni, aliyeziandika "mbele kabisa". Kweli zilikuwa mbele, safu ya tano, na mbele ndiko kubaya. Unaona magari yakipasua mbele ya uzio, vuu, halafu unatazama malori na mahema yaliyojaa katikati ya uwanja, huku nyoosho ya pili huioni kabisa. Juu ya hayo, tairi zinamomonyoka na kutema chembechembe za mpira mweusi. Nilifungua bakuli la sambusa, na kabla sijafikisha moja mdomoni ilikuwa imeshapata pilipili manga isiyokuwa ya kwetu. (Sambusa tulibeba wenyewe. Hotidogi za Martinsville zina sifa Marekani nzima na kwa miaka mingi bei yake imekuwa dola 2, lakini kwa sisi si halali, kwa hiyo ladha yake waulizeni wengine.)

Baadaye tulihamia juu kabisa, tukasimama nyuma ya safu ya mwisho. Hapo ndipo mbio zilipoanza kwangu, ingawa robo nzima ilishapita.

Ukiwa juu unaona kila dereva anavyoingia kona. Mzunguko unachukua kama sekunde 20, kwa hiyo kazi ileile unaiona mara mia na zaidi, na tofauti zinaanza kujitokeza zenyewe. Wenye pupa wanachelewa kukanyaga breki, gari linateleza nje, na wakati wanapigana na usukani mwingine keshawapitia kwa ndani. Denny Hamlin, gari namba 11, alikuwa akifunga breki mapema kidogo kuliko jirani zake. Ungedhani anaogopa. Gari lake likigeuka tu, lilikuwa limenyooka tayari naye keshakanyaga mafuta, wenzake bado wamekunja usukani. Na hiyo harufu! Waliowahi kukaa nyuma ya lori linaloshuka Mazeras wanaijua: breki zilizoungua. Hapa inaning'inia juu ya watu mchana kutwa.

Hamlin aliongoza mizunguko 274 kati ya 400 na akashinda. Ulikuwa ushindi wake wa sita hapo, na wa tano aliupata mwaka 2015, kwa hiyo mtu wa miaka 44 alisubiri miaka kumi. Zawadi ni saa ndefu ya kusimama, ya mbao, desturi ya uwanja tangu 1964. Christopher Bell alikuwa wa pili.

Wa tatu alikuwa Bubba Wallace, na hapo shemeji aliamka. Nasema aliamka kwa sababu katikati ya mbio alilala, wallahi, kwenye kelele ile, na plagi masikioni. Simlaumu. Gari la sasa, lililoanza 2022, lina breki kubwa na tairi pana, kwa hiyo hata anayekosea kidogo anajirekebisha, na aliye nyuma anakosa mwanya. Kuna mizunguko kama hamsini ambayo hakuna kilichobadilika ila wingu. Ndiyo maana natoa nyota nne, si tano.

Basi nikamweleza kuwa Wallace anaendesha gari la timu ambayo wamiliki wake ni Michael Jordan na huyohuyo Hamlin. Shemeji akageuka. "Kwa hiyo aliyemshinda ni tajiri wake? Kesho kazini ataongea nini?"

Hapo hapo Martinsville, mwaka 2013, Wallace alishinda mbio za magari ya pikapu, akawa dereva mweusi wa kwanza kushinda katika ligi za kitaifa za NASCAR tangu Wendell Scott mwaka 1963. Scott alikuwa mtu wa Danville, mji wa jirani. Aliposhinda kule Jacksonville, Florida, walimpa ushindi dereva mwingine, wakaja kukiri baadaye watu walipokwisha kutawanyika. Nilikuwa nikilifikiria hilo nikitazama gari la Wallace, namba 23, likipita.

Kabla ya kutoka tulikwenda kuutazama ukuta wa kona ya mwisho. Oktoba 2022 dereva Ross Chastain alihitaji kupanda nafasi mbili ili aingie fainali ya msimu. Akalibandika gari ukutani, akakanyaga mafuta mpaka mwisho, na akapita watano katika mzunguko wa sekunde 18.845. Mchezo huo sasa una adhabu. Shemeji aliupima ukuta kwa macho, akasema huyo mtu mama yake hakuwepo uwanjani.

Kuhusu kutoka: jipange. Barabara ni nyembamba na watu ni wengi. Magharibi ilitukuta palepale kwenye maegesho. Tulitandika koti kwenye nyasi kando ya gari tukaswali, na niliposujudu, chembe za mpira zikanidondoka kutoka nyweleni.