Fulana za siku ya wanafunzi wa zamani: duka la kuchapa karibu na soko la Mbuyuni, Moshi

Kwa shule ndogo ya bweni yenye oda ya fulana 60 hivi, duka hili linafaa, ila inategemea umechagua uchapaji gani. Uchapaji wao wa skrini, yaani wino kusukumwa kupitia wavu, ni safi. Wino unashika vizuri kwenye pamba, wanaukausha kwa joto la takriban nyuzi 160, na nembo ya rangi moja au mbili haipasuki kirahisi. Dai pamba ya gramu 180 kwa mita ya mraba. Ile ya 140 wanayoisifia kwa bei inalegea shingoni mapema.

Shida iko kwenye majina ya mgongoni, yale ya kubandika kwa joto. Foleni ikiwa ndefu, wanabana mashine sekunde chache tu, na kingo zinaanza kubanduka baada ya kufua mara mbili tatu. Omba wakandamize tena baada ya kuvua karatasi, halafu kwangua kona ya jina kwa ukucha palepale kaunta.

Nembo msiitume kama picha ya WhatsApp. Inabanwa, na maandishi madogo ya kaulimbiu yanatoka ukungu mtupu. Tumeni kama dokumenti, PDF ikiwezekana. Saizi za enzi za bweni zisahauni, ongezeni XL na XXL; vitambi havidanganyi.

Malipo ni nusu kwanza. Desemba watu wakianza kurudi vijijini kwao mlimani, huko migombani, kwa Krismasi, duka linafurika, kwa hiyo pelekeni oda mapema Novemba na mdai sampuli moja kabla hawajachapa zote.