Kibanda umiza cha Ngamiani, runinga mbili na uzi wa kushonea magunia

Kibanda chenyewe, cha kutazamia mpira kwenye runinga, hakina bango. Kiko Ngamiani hapa Tanga, uchochoroni nyuma ya fundi baiskeli, mabati juu, turubai pembeni. Kiingilio ni 500 kwa mechi za kawaida na 1,000 wakicheza Simba na Yanga au usiku wa Ligi ya Mabingwa. Mimi ni mtu wa Coastal Union, kwa hiyo ugomvi wa Kariakoo naufuata nikiwa nimekaa pembeni. Ila nimeshika kibendera cha refa msaidizi ligi ya wilaya miaka 11, na goli likikataliwa kwa kuotea, yaani mshambuliaji kumzidi beki wa mwisho pasi inapopigwa, siwezi kutulia mpaka niione ile picha tena. Banda hili linanipa nafasi hiyo, ndiyo maana naliandika.

Mwenye banda, ambaye wote tunamwita Mjomba, ana runinga mbili. Kubwa inaonyesha mechi moja kwa moja. Ndogo, iliyo kushoto, imeunganishwa na king'amuzi cha kurekodi, na rimoti yake haitoki mkononi mwake. Ukizuka ubishi, kubwa inaendelea na mpira, ndogo anairudisha nyuma taratibu mpaka pale mguu wa mtoa pasi unapogusa mpira. Anagandisha. Kisha anachukua uzi.

Ni uzi mweupe wa kushonea magunia. Zamani ncha yake ya juu ilifungwa kwenye msumari, naye akiuvuta wima mpaka chini ya kioo, kama fundi mwashi anavyoshusha timazi. Banda zima likiamini uzi. Siku moja nikashindwa kunyamaza. "Mjomba, uzi huo unatudanganya." Akageuka. "Kivipi, mzee wangu?"

Nikamweleza kisa ambacho sijakisahau. Tulikuwa uwanja wa mchanga, mechi ya kupanda daraja. Mshambuliaji alikuwa upande wangu, beki wa mwisho kabla ya kipa alikuwa upande wa pili kabisa. Mimi nimechelewa hatua mbili, sijalingana nao. Pasi ikapigwa, nikamwona mshambuliaji amezidi, nikanyanyua kibendera. Goli likafutwa. Jioni nikiwa njiani kurudi nyumbani ndipo nilipoelewa: walikuwa sambamba. Ukiwa nyuma ya mstari, mtu aliye karibu nawe anaonekana yuko mbele kuliko aliye mbali, hata kama hawazidiani kitu. Vijana wale walibaki daraja la chini kwa sababu ya hatua zangu mbili. Sasa fikiria kamera kuu ya runinga, ambayo inakaa usawa wa katikati ya uwanja. Yenyewe ni mshika kibendera aliyechelewa hatua thelathini. Ukishusha uzi wima mbele ya picha yake, unarudia kosa langu kila Jumamosi.

Mjomba aling'oa msumari kesho yake. Siku hizi yeye anashika ncha moja, mwanawe anashika nyingine, uzi wanaulaza kwanza juu ya mstari wa 18, ule wa eneo la penalti, au ukingo wa majani yaliyokatwa ulio karibu na beki, wanaangalia umelala kwa mshazari gani, ndipo wanausogeza mpaka kwenye kiatu cha beki. Inachukua dakika moja hivi. Mkono hauhesabiwi, anawakumbusha watu kila mara: kichwa, kiwiliwili, miguu, basi.

Usiku ulionifanya niliheshimu banda hili ni wa tarehe 30 Septemba 2023. Tottenham na Liverpool, bado 0-0, Liverpool tayari wako 10 uwanjani. Luis Díaz anafunga dakika ya 34, kibendera kinapanda. Tukasubiri mistari ya VAR, marefa wa video, kwenye skrini, haikuja. Mpira ukapigwa kuendelea. Mjomba akagandisha picha, wakalaza uzi, na hapakuwa na haja hata ya kubishana: Díaz hakuotea. Watu wakasema pengine sisi ndio hatujaona vizuri, mitambo ya Uingereza haiwezi kupitwa na uzi wa gunia. Liverpool walifungwa 2-1. Siku tatu baadaye sauti za chumba cha video zikatolewa hadharani: waliona vilevile kwamba hakuotea, ila walidhani refa amekubali goli, wakamwambia ukaguzi umekwisha. Walipogundua, mpira ulishaanzishwa, na sheria haikuwaruhusu kurudi nyuma.

Halafu kuna tarehe 5 Aprili 2024, mwezi wa Ramadhani, watu wametoka kufuturu na kahawa inazunguka. Yanga wako Pretoria kwa Mamelodi Sundowns. Shuti la Aziz Ki wa Yanga linagonga mtambaa panya, linadunda chini, linatoka. Si jambo la kuotea, lakini ni ubishi uleule wa mstari: mpira umevuka mstari wa goli au la? VAR ikapita, goli hakuna, Yanga wakatolewa kwa matuta 3-2. Mjomba mwenyewe ni Yanga damu. Aligandisha picha, akasimama nayo muda mrefu, akaweka uzi chini bila kuutumia. Kamera haikuwa juu ya mstari, ilikuwa pembeni. "Moyo wangu unasema umevuka," alisema, "lakini kwa picha hii siwezi kuapa." Hakuna aliyemzomea. Hata mimi naona ulivuka, na hata mimi nisingeapa.

Ukweli huo ndio ninaoulipia. Kamera inayopiga picha 50 kwa sekunde inamwacha mtu anayekimbia mita 10 kwa sekunde asogee sentimita 20 kati ya picha na picha, halafu mtu anakuja kunyimwa goli kwa kwapa. Uingereza waliliona hilo wakainenepesha mistari yao 2021. Kombe la Dunia la Qatar 2022 zikaja kamera 12 chini ya paa na mpira wenye kihisi ndani, na kuanzia Aprili 2025 Uingereza nao wakaingia kwenye mfumo wa namna hiyo. Nafurahi. Lakini Mjomba, uzi ukifunika viatu vyote viwili, husema tu "sambamba" na anarudi kwenye kiti.

Kasoro zipo. Mabenchi hayana egemeo, mbu ni wengi kuanzia saa moja usiku, na msongamano wa mechi kubwa unatisha kwa mlango mmoja. Kubwa kuliko zote ni jenereta: umeme ukikatika inawasha runinga kubwa peke yake, ya marudio inakufa. Mtu aliyeiona fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika ya 2019 kule Radès, Tunisia, Wydad ya Morocco wanakataliwa goli kwa kuotea na mtambo wa VAR haufanyi kazi, wachezaji wakagoma kuendelea, anajua ubishi usio na picha unafika wapi. Nimemwambia Mjomba anunue betri. Amesema akishalipa ada za shule.

Ukienda, wahi benchi la pili kushoto. Ukikaa kulia nguzo inakuziba, na uzi hutauona.