Miezi minane na kibodi isiyo na vitufe vyeusi

Nimepiga piano tangu utotoni, kwa hiyo niliponunua kidhibiti cha muziki, yaani kibodi inayoiamuru ala nyingine itoe sauti, chenye vitufe 64 vya mraba, vinane kwa vinane, nilidhani wiki moja ingetosha kukizoea. Imepita miezi minane na mkono wangu wa kushoto bado hujisahau.

Mpangilio ninaoutumia ni huu: ukienda kulia kitufe kimoja unapanda nusu toni, hatua ndogo kuliko zote kwenye piano, na ukipanda safu moja unapanda nusu toni tano, yaani kutoka do hadi fa, kama zilivyo nyuzi za gitaa la besi. Ukiishika do, mi utaikuta safu ya juu yake, hatua moja kushoto, na so iko safu hiyohiyo ya mi, vitufe vitatu kulia kwake. Umbo hilo halibadiliki hata uanzie wapi. Siku moja mwimbaji ninayempigia aliomba wimbo ushuke nusu toni, dakika chache kabla ya kurekodi, nami nikausogeza mkono mzima kitufe kimoja kushoto, basi. Kwenye piano, kutoka C meja hadi B meja kungenitwisha vitufe vitano vyeusi ambavyo sikuwa nimevifanyia mazoezi.

Wazo lenyewe ni la zamani, kwani mpiga piano Mhungaria Paul von Jankó alibuni kinanda cha namna hii katika miaka ya 1880, na mpangilio wa Mswisi Kaspar Wicki ni wa 1896. Huo wa Wicki niliujaribu kwenye kidhibiti cha kuazima chenye vitufe vya pembe sita: do, re na mi hukaa safu moja, kisha fa, so, la na ti safu inayofuata, hivyo skeli nzima hutoshea chini ya kiganja. Kwa melodia sijaona kinachoushinda, ila vitufe vile vilikuwa vidogo mno kwa vidole vyangu.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba noti moja hupatikana mahali zaidi ya pamoja, na ujumbe wa kawaida wa MIDI, lugha ambayo ala za kielektroniki huambiana noti za kupiga, hautaji kitufe kilichobonyezwa, bali namba ya noti tu. Nilikuwa nimeishikilia G kwa mkono wa kushoto, melodia ya mkono wa kulia ikaigusa G hiyohiyo na kuiachia, na sauti yote ikakatika. Nilipowasha MPE, aina ya MIDI ambayo hukipa kila kidole chaneli yake, yaani njia yake ya kutuma ujumbe, tatizo likaisha, lakini ni kwa sinthesaiza (ala za kielektroniki zinazotoa sauti) zinazoielewa tu.

Kisha kuna suala la macho. Piano huipapasa kwa vile vitufe vyeusi vimeinuka. Hapa vyote ni bapa, na unategemea taa za rangi ambazo juani hazionekani kabisa. Nimedondoshea tone la gundi kwenye kila C na kuliacha ligande. Wimbo ukiwa katika E bemoli matone hayo hunipotosha, lakini sijayabandua.