TAHADHARI: Pancha moja iliyozaa matundu manane Outering

Madereva wenzangu wa Nairobi, hasa nyinyi mlionunua gari juzijuzi, someni hii kabla hamjapita barabara ya Outering jioni.

Jumanne iliyopita, mwendo wa saa kumi na mbili unusu, nilikuwa kwenye msongamano kutoka Donholm nikielekea Taj Mall (bado tunapaita hivyo, ingawa jumba lenyewe lilibomolewa 2018). Kijana aliyekuwa akipita katikati ya magari akanigongea kioo: "Mama, tairi ya nyuma inaisha upepo!" Kabla sijajibu, mwingine upande wa pili akasema vilevile. Moyo ulinipasuka. Nikawasha taa za dharura, nikatoka barabarani, na hapo hapo mbele yangu pana kibanda cha pancha, kompresa inanguruma tayari.

Msumari ulikuwepo kweli, hilo silikatai. Fundi alifungua tairi upesi, akanipa benchi, "Mama, pumzika kidogo," akaenda nayo nyuma ya mabati kwenye karai la maji. Aliporudi aliniambia moja ameshaziba ila ziko zingine. Akapaka maji ya sabuni, na mapovu yakatoka hapa na pale. Pamoja na lile la kwanza, tukahesabu manane. Mia tatu kila tundu, shilingi 2,400. Giza limeingia, gari liko juu ya jeki, na wanaume wanne wamenizunguka. Nikalipa kwa M-Pesa.

Kesho yake tairi ilikuwa imelala tena. Fundi wangu wa mtaani aliitoa kwenye rimu akanionyesha kwa ndani. Tundu la msumari lilikuwa na kutu na uchafu. Yale mengine saba yalikuwa safi, mapya, na yote upana mmoja: upana wa ile sindano nene ya mpini wanayopanulia tundu kabla ya kuingiza uzi wa mpira wenye gundi. Yule wa kibandani aliitoboa tairi yangu nikiwa nimeketi hatua kumi kutoka kwake.

Na 2,400 siyo hasara kubwa. Matundu mawili yalikuwa ubavuni. Ubavu wa tairi hujikunja kila gurudumu linapozunguka, kwa hiyo kiraka hakishiki hapo, na hakuna fundi mwaminifu atakayekubali kuuziba. Tairi ya miezi mitano imekuwa ya kutupwa. Jumamosi nilikuwa niende Machakos na watoto watatu kiti cha nyuma. Nikifikiria ikipasuka tukiwa Mombasa Road, silali.

Kwa hiyo, mtu akikuonyesha tairi, usisimame mahali anapokuchagulia. Sikiliza gari kwanza. Tairi iliyoisha upepo hujisema: gari huvuta upande, usukani huwa mzito, unasikia mpira ukipiga lami. Kama hakuna hayo, enda polepole hadi kituo cha petroli chenye mwanga, ukakague hapo. Msumari ukiwa umekaa katikati ya tairi isiyo na tyubu, mara nyingi upepo hutoka taratibu, maana msumari wenyewe ndio umeziba njia. Usiung'oe wewe, wala usikubali aung'oe mtu wa barabarani. Lakini tairi ikiwa imelala kabisa usiendelee kuendesha, utaikata kwa ndani na rimu iharibike.

Ukishuka, funga vioo, funga milango, toka na funguo na simu. Mmoja akikuinamisha kwenye tairi, mwenzake anaweza kuwa mlango wa abiria akitafuta mkoba.

Kwa fundi, lisilo na mjadala ni hili: tairi isitoke machoni pako. Simama karibu na karai hata kama unachafuka. Maji ya sabuni yapakwe tairi nzima kabla chombo chochote hakijaigusa, nawe uhesabu mapovu mwenyewe. Tundu lisilotoa povu wakati huo halikuwepo. Patana bei kabla jeki haijapanda. Na kama una spea, funga spea, ondoka, hiyo pancha izibwe kesho na mtu unayemjua. Yangu ilikuwa kwenye buti bila upepo, sikuwa nimeipima tangu ninunue gari. Nendeni mkapime zenu leo. Mara nyingi kiasi cha upepo kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Mafundi wa pancha waaminifu ni wengi jijini, na huyu wa mtaani kwetu alinitolea tairi akanieleza yote bila kuniomba hata shilingi. Ndiyo maana hawa wa barabarani wananiuma zaidi.

Jana jioni nilipita tena. Kijana yule yule alikuwa akigonga kioo cha Probox nyeupe. Niliteremsha kioo nikamwambia dereva, "Ndugu yangu, usisimame hapa, enda mpaka petroli." Dereva akaendelea na safari.